Mwalimu wa Tukuyu na tope la mikoko: pwani inatuhusu nini sisi wa milimani?

Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuwa kwenye daladala kutoka Mwanjelwa kwenda Uyole. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa akimsimulia mwenzake kwamba mwalimu wa sayansi wa mwanawe hayupo shuleni wiki nzima, amekwenda pwani kwenye mafunzo ya mazingira. Mwenzake akashangaa: "Sasa Mbeya kuna bahari gani?" Konda akadakia kutoka mlangoni: "Posho hizo, mama. Wamekwenda kuogelea." Gari zima likacheka.

Mimi sikucheka, maana swali la yule mama ni zuri. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mzazi anayechangia chaki na uji wa shule ana haki ya kuuliza kwa nini mwalimu wa mwanawe asafirishwe umbali huo kwenda kukanyaga tope. Nimelisikia swali hilohilo kwenye vikao vya wazazi, kijiweni, hata ndani ya ofisi ya walimu. Nimefundisha sayansi Rungwe kwa miaka mingi, na mafunzo ya aina hii nimeyahudhuria mara mbili. Ya kwanza yalikuwa mabaya, ya pili yakanibadilisha. Ngoja nieleze ninavyoelewa.

Maneno yenyewe kwanza

Pwani na bahari ni vitu viwili. Neno pwani limetokana na kupwa, yaani maji kurudi nyuma na kuacha nchi wazi. Pwani ni pale maji yanapokupwa na kujaa, ule ukanda wa katikati ambao saa hizi ni nchi kavu na baada ya saa sita ni maji ya kifuani. Mtoto wa Bagamoyo analijua hilo kabla hajaanza shule. Mtoto wa Makete halijui, kama vile yule wa Bagamoyo asivyoijua sakitu inayoweupisha nyasi za Kitulo asubuhi za Juni na Julai.

Neno la pili ni warsha. Siku hizi tunaliita semina, kongamano, mafunzo, yote kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kwenye semina unakaa na kusikiliza. Warsha kwa asili ni mahali pa kazi, kama gereji. Kijana anayejifunza ufundi pale Mwanjelwa hapewi daftari siku ya kwanza, anapewa spana na kuambiwa alale chini ya gari. Mafunzo ya mazingira ya pwani kwa vitendo yanapaswa kuwa hivyo: mwalimu anaingia kwenye tope, anapima, anahesabu, anakosea, anaulizwa kwa nini, halafu anatengeneza somo kutokana na kile alichokigusa kwa mikono yake.

La tatu ni elimu ya mazingira. Wengi hudhani ni kupanda miti siku ya maadhimisho na kuokota takataka Jumamosi. Hayo ni matendo mazuri, lakini elimu ya mazingira ni kujua vitu vinavyotegemeana: ukigusa hiki, kipi kinatikisika? Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza umahiri, yaani mwanafunzi aweze kufanya jambo badala ya kulikariri tu. Huwezi kumjengea mtoto umahiri wa kitu ambacho wewe mwenyewe umekisoma kitabuni peke yake.

Tone moja, njia tatu

Tuje kwenye swali la yule mama. Mbeya ina bahari gani?

Mbeya imekaa mahali pa ajabu kijiografia. Mvua ikinyesha kwenye milima inayotuzunguka, matone yanaachana njia tatu. Tone linaloangukia upande wa Mbalizi linaingia mto Songwe unaoelekea kaskazini-magharibi na kuishia Ziwa Rukwa. (Usiuchanganye na Songwe mwingine wa mpakani mwa Malawi, ambao unaingia Ziwa Nyasa.) Rukwa haina mlango wa kutokea. Maji yake yanapungua kwa kupaa juani, na chumvi zinabaki, ndiyo maana yana magadi. Tone hilo halitaiona bahari.

Tone linaloangukia mteremko wa Rungwe linaingia mto Kiwira, linapita chini ya Daraja la Mungu, linashuka Kyela hadi Ziwa Nyasa. Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu, mto Shire ulioko Malawi. Shire unaingia Zambezi, na Zambezi unamwaga maji yake Bahari ya Hindi nchini Msumbiji. Kwa hiyo mvua ya Tukuyu, ambayo haituachi hata tukiichoka, inasafiri kupitia nchi nyingine mbili kabla haijaonja chumvi.

La tatu ni lile linaloanguka milima ya Uporoto na Kipengere upande wa Usangu. Linaingia mito kama Chimala, Kimani na Mbarali, linatandaa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, kisha linatoka likiitwa Ruaha Mkuu. Linapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, bwawa la Mtera, bwawa la Kidatu, linaungana na Rufiji, linapita Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, na mwisho linaingia delta ya Rufiji, mkabala na kisiwa cha Mafia. Ndugu zetu wa Iringa wamo humohumo: Ruaha Mdogo unaopita pale Ipogolo unaungana na Ruaha Mkuu kabla ya Mtera. Wa Njombe pia, kwa sababu mto Ruhuji unashuka Kilombero, na Kilombero ni mzazi wa Rufiji. Bonde lote la Rufiji linachukua karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara.

Darasani hutumia mfano wa paa. Nyumba yenye paa la bati, mfereji ukingoni na pipa chini yake. Ndege akinya juu ya bati, majani yakirundikana, vumbi likitua, mvua ya kwanza inavisomba vyote hadi kwenye pipa. Anayeteka maji ya pipa anajua hali ya paa hata kama hajawahi kupanda juu. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaishi juu ya paa. Pwani ya Rufiji ndiyo pipa.

Udongo ukipungua, ukizidi

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu kidogo, na ndipo wengi tunapopotea.

Delta ni mahali ambapo mto umefika tambarare, ukapunguza mwendo, ukagawanyika vijito vingi na kutua mzigo wake wa udongo. Maji yaendayo kasi hubeba mawe na mchanga. Yakipunguza kasi yanaacha mawe, kisha mchanga, na mwisho kabisa yanaacha ule udongo laini kama ulezi uliosagwa na kulowekwa. Juu ya udongo huo inaota mikoko. Delta ya Rufiji ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kwa hiyo udongo wa milimani ndio ulioijenga delta. Mtu anaweza kusema basi tuache mmomonyoko uendelee, tunawasaidia. Hapana. Ni kama chumvi kwenye mboga. Udongo ukipungua, kwa mfano unaponaswa nyuma ya mabwawa, mawimbi yanaanza kuila delta kwa sababu hakuna wa kujaza kilicholiwa. Ukizidi na kuja kwa ghafla kutoka kwenye miteremko iliyoachwa uchi, unayafanya maji kuwa kama chai ya maziwa. Nyasi bahari zinahitaji mwanga. Matumbawe nayo, ambayo wengi wetu hudhani ni mawe, ni wanyama wadogo sana wanaoishi na mwani mdogo mno ndani ya miili yao, na mwani huo huwatengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua. Ukiyafunika kwa tope ni kama umempaka mtu matope kwenye vioo vya dirisha na kumwambia asome humo ndani.

Maji nayo ni hivyohivyo. Mto ukileta maji kidogo, chumvi ya bahari inapanda juu ya vijito na kuingia kwenye mashamba ya mpunga ya watu wa delta. Hapo nisahihishe jambo linalosemwa sana kwetu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na watu wamezoea kusema Ruaha ikikauka, Rufiji imekwisha. Si kweli. Maji mengi zaidi ya Rufiji yanatoka Kilombero, si Ruaha. Kukauka kwa Ruaha ni msiba mkubwa kwa viboko na samaki wa hifadhini, kwa wananchi wa kando yake na kwa umeme wa Mtera na Kidatu, na hiyo peke yake inatosha kutuhangaisha. Lakini ukitaka kulinda maji ya delta, lazima uangalie pia miteremko ya Mufindi, Njombe na Udzungwa inayoilisha Kilombero. Mwalimu asiyejua tofauti hiyo atawafundisha watoto hofu badala ya maarifa.

Siku ya tope

Yale mafunzo mabaya niliyosema yalikuwa ya siku nne ndani ya ukumbi wa hoteli. Tulipewa fulana, begi na kalamu. Tuliangalia picha za mikoko ukutani. Siku ya mwisho tukapelekwa ufukweni saa kumi jioni, na ilikuwa siku ya bamvua. Bamvua ni siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, wakati maji yanapojaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Katika pwani yetu, siku hizo maji hujaa sana majira ya saa kumi na kupwa sana majira ya saa nne. Tulifika maji yakiwa yamegonga ukuta wa hoteli. Hakukuwa na tope, kaa wala mzizi wa kuangalia. Tukapiga picha ya pamoja, tukarudi Mbeya. Waandaaji walikuwa wametazama kalenda ya ofisi, hawakuutazama mwezi.

Ya pili yalikuwa kusini mwa Dar es Salaam, kwenye kijito chenye mikoko. Nayo yaliangukia siku ya bamvua, lakini saa tatu na nusu asubuhi tulikuwa tayari tumekunja suruali. Mwezeshaji alikuwa mama mtu mzima wa pwani, kanga kaifunga kiunoni. Hakutuhutubia. Aliwapa kila walimu wanne vijiti vinne, kamba ya katani na daftari, akasema: pigeni mraba wa mita moja, hesabuni kila kilichomo.

Kundi letu lilikuwa na mwalimu mwenzetu wa Makete, mwenye miaka hamsini na ushee, ambaye hajawahi kuiona bahari maishani mwake. Hatua ya tatu akazama hadi magotini. Akakunja uso.

"Mama, hapa kuna kitu kimeoza."

"Chimba, mwalimu."

Akachimba kwa mkono. Juu tope lilikuwa la kijivu. Kiganja kimoja chini likawa jeusi tititi, likatoa harufu ya yai viza. Yule mama hakueleza kitu, akamwonyesha shimo la kaa kando yake na kumwambia alikate katikati kwa kijiti. Kuta za lile shimo hazikuwa nyeusi. Zilikuwa na rangi ya kutu. Mwalimu wa Makete akaliangalia kwa muda, akaangalia tope jeusi mkononi, akaliangalia tena shimo.

"Hewa," akasema. "Hapa kaa anapopita hewa inaingia. Huku kwingine hakuna hewa." Kisha, kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake: "Ndiyo maana mama yangu alikuwa anainua matuta kwenye vinyungu."

Kwa asiyefahamu, vinyungu ni bustani za mabondeni ambazo watu wa Iringa na Njombe hulima kiangazi, mahindi mabichi na maharage, kwenye udongo wenye unyevu. Ukiyapanda mahindi bila kuinua matuta, mizizi inakosa hewa na majani yanageuka manjano. Mzee huyu alilijua hilo tangu utotoni, na tatizo hilohilo amelikuta kilomita mamia kutoka kwao, ila huku mmea umelitatua wenyewe. Maana pembeni yetu vilisimama vijiti vingi vimechomoza topeni kama penseli zilizochomekwa. Ni mizizi ya mti uitwao mchu. Inaota kuelekea juu ili ipumue maji yanapokupwa, kama mtu aliyejificha ndani ya maji akivuta pumzi kwa mwanzi, ule mwanzi wetu wa ulanzi.

Halafu akaambiwa achume jani la mchu na kulilamba upande wa chini. Akalamba. Chumvi. Mchu hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kupitia majani. Nilimwona yule mzee akichuma jani la pili na kulifunga kwenye leso, kwa ajili ya wanafunzi wake.

Mikoko si mti mmoja. Watu wa pwani wanaijua kwa majina: mlilana upande wa baharini, mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, msinzi, mkandaa, mkomafi, na huo mchu. Kila mmoja una kiwango chake cha maji na chumvi unachokivumilia. Mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, kisha hudondoka kama mkuki na kujichomeka topeni, au huelea ikatafute makao. Kati ya mizizi hiyo kambamiti wadogo na samaki wachanga hujificha wasiliwe. Ukikata mikoko yote kwa boriti na mkaa, mvuvi wa mbali atashangaa kwa nini wavu wake unarudi mtupu.

Jioni hakukuwa na hotuba. Kila kundi lilikaa na andalio la somo: utafundishaje jambo hili ukiwa Makete au Tukuyu ambako hakuna mchu? Ukalifundisha mbele ya walimu wenzako, wakakukosoa bila huruma. Nusu ya maandalio yalivunjwa na kuandikwa upya. Nadhani sehemu hii ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko zote, na ndiyo inayokatwa kwanza bajeti ikipungua.

Yanayosemwa mtaani

Kuhusu posho sitajifanya malaika. Mwalimu akisafiri kilomita 800 lazima ale, alale na apande basi. Hilo si dhambi. Swali ambalo mzazi na mwalimu mkuu wanapaswa kuuliza ni jingine: mtakwenda ufukweni maji yakiwa wapi? Mwezeshaji mmoja anashika walimu wangapi? Utarudi na somo gani lililojaribiwa? Na nani atakuja kukuona darasani baada ya miezi mitatu? Majibu yakiwa mepesi, konda wangu yuko sahihi. Sisi walimu tayari tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambako tunakutana shuleni na kwenye vituo vya walimu kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja aliyekwenda pwani anaweza kuwavusha wenzake ishirini bila nauli ya mtu mwingine yeyote.

Wapo wanaosema mazingira ni kupanda miti, basi. Inategemea mti gani na wapi. Mikaratusi imewasomesha watoto wengi wa Mufindi na Njombe, sina ugomvi nayo. Lakini ina kiu kubwa, na kuipanda kwenye chanzo cha maji ni kumkaribisha mgeni anayemaliza mtungi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Hata mikoko yenyewe ina makosa ya namna hiyo. Vikundi vingi vimepanda maelfu ya miche ya mkoko mahali ambapo maji hukaa muda mrefu mno, ikafa yote. Mara nyingi kinachotakiwa ni kuzibua njia ya maji iliyozibwa, mbegu zije zenyewe na wimbi.

Wengine husema bahari ni kubwa, haiwezi kuchafuka. Na upande wa pili wako walimu wenzangu wanaomtisha mtoto kwamba chupa aliyoitupa Ipogolo itamuua kasa wa Mafia. Sipendi kumdanganya mtoto hata kwa nia njema. Kati ya Ipogolo na Mafia kuna mabwawa, na chupa nyingi zitakwama njiani, zipasuke vipande vidogo jua likizipiga, zibaki kwenye maji ambayo watu na samaki wa Mtera wanayatumia. Huo ubaya unatosha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kila anayekumbuka mifereji yetu kabla ya hapo anaiona tofauti. Chupa ndizo bado.

La mwisho linaniuma zaidi: kwamba adui wa maji ni mkulima wa vinyungu na mfugaji wa Usangu, wakiondoka hao mambo yamekwisha. Kuna mifereji ya mpunga inayomwaga maji usiku na mchana hata baada ya mavuno, kuna misitu iliyofyekwa, kuna mifugo iliyozidi uwezo wa nyanda, na kuna miji inayokua na kuhitaji maji na umeme. Nusu ya watoto darasani ni watoto wa hao tunaowaita adui. Ukimwambia mtoto mama yake ni mharibifu, somo limekufa. Mwulize mama yake analimaje, mpime pamoja maji yanayotoka kwenye kinyungu chake, hapo mna somo.

Je, Matema haitoshi?

Wapo wanaouliza kwa nini tusitumie ufukwe wetu wenyewe, Matema, kule Kyela kwenye Ziwa Nyasa. Nakubaliana nao zaidi ya nusu. Matema hakuna maji kupwa na kujaa kama baharini, hakuna chumvi wala mikoko. Lakini mto Lufilyo unaingia ziwani ukitua mzigo wake wa udongo kama Rufiji, kwa kipimo kidogo. Matete yanachuja tope kama mikoko. Na kuna mbasa, samaki anayeishi ziwani lakini hupanda mitoni kutaga mayai kwenye changarawe safi. Changarawe ikifunikwa na tope lililotoka kwenye mashamba ya juu, mayai yanakosa hewa. Ni lile tope la yule mwalimu wa Makete, lile tatizo la hewa, limehamia Kyela. Ukisimama ufukweni na mama anayeanika usipa, atakueleza maji yalivyobadilika kuliko kitabu chochote.

Kama ningekuwa na fedha ya kuwapeleka walimu hamsini, ningeanza na kijito kilicho karibu na shule zao, kisha Matema, halafu wale kumi waliorudi na masomo mazuri ningewapeleka pwani. Siyo wote, na siyo pwani kwanza. Lakini wale kumi ningewapeleka kweli, kwa sababu kuna jambo ambalo halifundishiki mbali na kupwa na kujaa: kuona mahali ulipokuwa umesimama asubuhi pakifunikwa na maji mchana, na kuelewa kwamba kila kiumbe pale kimejipanga kwa mabadiliko hayo.

Kwa shule isiyo na nauli, hili hapa tulilofanya mwaka jana. Chupa tatu za maji za lita moja na nusu, zimelazwa na kukatwa ubavuni. Ya kwanza tuliijaza udongo mtupu, ya pili udongo wenye majani makavu juu, ya tatu udongo wenye nyasi hai zilizong'olewa na mizizi yake. Tukaziinamisha juu ya tofali, mdomo ukitazama chini, na glasi kwenye kila mdomo. Mwanafunzi akamwaga kikombe kimoja cha maji kwenye kila chupa kwa kopo lililotobolewa kama mvua. Glasi ya kwanza ilijaa haraka, nyekundu. Ya tatu ilichelewa, na kupitia maji yake uliweza kuona upande wa pili. Watoto wa darasa la tano walibishana kwa nini ya tatu ilitoa maji kidogo, hadi mmoja akasema yamebaki ndani, yatatoka baadaye. Tukaacha. Jioni glasi bado ilikuwa inadondosha, tone moja moja.

Baada ya hapo tukaanza kuchota maji ya kijito kilicho chini ya shule kila Jumatatu na Ijumaa, kwenye chupa ndogo zenye tarehe, na kuzipanga dirishani. Zinatulia usiku kucha, na asubuhi mtoto wa zamu anapima kwa rula unene wa tope lililokaa chini. Mpaka sasa dirisha lina chupa sitini na mbili. Zile za Julai na Agosti unaona mti wa mwembe uani kupitia kwenye maji yake. Ile ya Ijumaa ya kwanza ya mvua, Novemba, ina tope la milimita kumi na nne, na kila mgeni anayeingia darasani watoto humwonyesha hiyo kwanza, kisha humwonyesha ukutani ramani waliyoichora wenyewe kwa chaki za rangi, Kiwira, Nyasa, Shire, Zambezi, hadi ile rangi ya bluu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.